Kusuka siagi shambani pwani: joto ndilo linaloamua, si mkono

Mkulima_Mwakirunge:

Wanajukwaa, salaam. Swali la kwa nini siagi ya kusukwa nyumbani haishikani hapa Mombasa, ilhali wenzetu wa nyanda za juu zenye baridi, Nyandarua na Kericho, hutikisa kibuyu kwa muda mfupi wakapata donge la kutosha, limeulizwa mara nyingi, na majibu yake huwa mawili: ama ng'ombe wetu hawafai, ama ujuzi ulizikwa pamoja na bibi zetu. Sikubaliani na jibu lolote kati ya hayo. Familia yetu ina shamba dogo upande wa Mwakirunge, tunafuga chotara wa Jersey na Sahiwal pamoja na zebu (ng'ombe wa kienyeji wenye nundu) wachache waliotoka kwa wajomba Kinango, na tunasuka siagi kwa kibuyu mpaka leo. Kinachomshinda msukaji wa pwani ni joto la maziwa wakati wa kusuka, na jambo hilo lina dawa.

Maziwa ni maji yaliyobeba vitone vidogo mno vya mafuta, na kila kitone kimevikwa utando mwembamba unaokizuia kuungana na mwenzake. Kusuka ni kuvigonganisha vitone hivyo mpaka utando upasuke na mafuta yashikane. Lakini ili yashikane, sehemu ya mafuta lazima iwe imeganda na sehemu iwe bado laini, kwa kuwa chembe zilizoganda ndizo zinazotoboa utando, nayo yaliyo laini ndiyo yanayounganisha chembe na chembe. Mafuta yakiwa yameyeyuka karibu yote, vitone hupasuka na kutawanyika upya, na sehemu kubwa hubaki ndani ya mtindi, yaani maziwa yanayosalia siagi ikishatolewa. Yakiwa yameganda mno, vitone hugongana na kuachana, na mtu huchoka bure. Malai husukika vizuri kwenye nyuzi joto 10 hadi 14 hivi, na maziwa lala yasiyoenguliwa malai huhitaji nyuzi 16 hadi 20.

Sasa tazameni hali yetu. Mchana wa Machi hapa hufika nyuzi 32 au 33, na usiku wake hauteremki sana chini ya 24. Maziwa yaliyolala jikoni kwa joto hilo yana mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni kimiminika. Julai na Agosti, kusi inapovuma, alfajiri hushuka mpaka karibu nyuzi 21, na ndiyo sababu wazee wetu walisuka kabla ya jua kuchomoza. Hawakuwa na kipimajoto, ila walijua kwamba maziwa yaliyosukwa saa nne asubuhi yangetoa kitu kama uji wa mafuta. Mtu wa Nyandarua huamka akakuta maziwa yake tayari yamo katika joto linalofaa, kisha tunamsifu kwa ustadi wa mkono.

Nitaeleza tunavyofanya sisi. Maziwa ya jioni huchujwa kwa kitambaa cha melimeli, yakapashwa moto mpaka nyuzi 63 na kushikiliwa hapo kwa nusu saa. Yakipoa hadi yawe vuguvugu tu, tunatia mtindi uliobaki wa safari iliyotangulia, kama kikombe kimoja cha chai kwa lita 10, na kuyafunika. Kwa joto letu huwa yameganda kesho yake, kazi ambayo huko juu milimani huchukua siku mbili au tatu. Hii ni faida moja ya pwani ambayo hatuihesabu.

Kabla ya alfajiri ya siku ya kusuka, maziwa yaliyoganda huingizwa ndani ya kopo la alumini, na kopo hukalishwa ndani ya beseni la maji yenye barafu. Barafu ni ile ile wanayonunua wauza samaki. Kuyashusha maziwa lita 10 kutoka nyuzi 27 hadi 17 huhitaji kwa hesabu barafu kama kilo moja na robo, lakini beseni nalo hunyonya joto la hewa, kwa hiyo andaeni kilo 2 au 3. Msitie barafu ndani ya maziwa, kwa maana maji yake huuharibu mtindi, na barafu yenyewe mara nyingi haikutengenezwa kwa maji ya kunywa. Tumieni kopo la alumini kwa sababu kibuyu hakipitishi joto upesi, na kwa sababu hiyo hiyo kibuyu kinafaa baadaye: ukishamimina maziwa yaliyopoa, kibuyu huyahifadhi yasipate moto haraka wakati unasuka.

Kibuyu kisijazwe zaidi ya nusu. Kilichojaa hakina nafasi ya maziwa kurukaruka, na bila kurukaruka hakuna kugongana. Mama hukilaza juu ya mapaja na kukisukuma mbele na nyuma kwa mwendo mmoja, nami hupenda kukining'iniza kwa kamba kwenye tawi la mwembe, maana mgongo wangu si wa jana. Katika joto la sawasawa, kazi huchukua kama nusu saa hadi dakika 45. Sauti ndiyo inayokujulisha: mwanzo ni ya kimiminika kizito, kisha huwa nyepesi ghafla, na ndani mnasikika vitu vikigongagonga. Hapo simamisheni, mfungue, mtazame. Chembe zikiwa na ukubwa wa choroko, basi imetosha. Mkiendelea, chembe hujikusanya kuwa donge moja lililofungia mtindi ndani yake, na mtindi huo ndio unaoifanya siagi ichachuke siku ya pili.

Chembe huopolewa, zikaoshwa kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa kwa barafu, mara kadhaa, mpaka maji yatoke meupe ya kuonekana hadi chini. Kisha hukandwa kwa mwiko ili maji yaliyosalia yatoke. Chumvi ni gramu 20 kwa kilo. Siagi iliyokandwa vizuri hubakiwa na maji asilimia 16 hivi na mafuta kama asilimia 80. Hapa Mombasa, pasipo friji, siagi hiyo ni ya kuliwa siku hiyo hiyo, na iliyobaki ifanywe samli kabla jua halijatua. Sioni kwamba samli ni njia ya kuokoa siagi iliyotaka kuharibika. Kwa hali ya hewa yetu, samli ndiyo bidhaa yenyewe, na siagi ni hatua ya kupitia.

Shangazi_Kibokoni:

Mwanangu, umeeleza vizuri, ila umesahau kwamba sisi wa mjini hatukuwa na ng'ombe wala kibuyu, na samli tulipika. Maziwa yakiletwa na muuza maziwa asubuhi yalichemshwa, yakaachwa yapoe bila kufunikwa kabisa, na malai yaliyojitanda juu yakaenguliwa kwa upawa. Malai ya kila siku yaliwekwa pamoja kwenye bakuli, na yakifika kiasi yalitiwa kijiko cha mtindi, yakalazwa, kisha yakapekechwa kwa upekecho ndani ya chungu. Maji ya mtungi yalitiwa kidogo kidogo huku ukipekecha, na siagi ikaelea. Haikuhitaji mapaja ya mtu wala mwembe. Baada ya hapo ni seredani, moto mdogo, na subira. Ni kweli kwamba mtungi ulioachwa dirishani kwenye upepo ulitoa maji ya baridi, lakini wakati wa kaskazi, hewa ikiwa imejaa unyevu, hata mtungi ulikataa, na miezi hiyo hatukupekecha.

Mkulima_Mwakirunge:

Shikamoo, Shangazi. Ulichosimulia kinaafikiana na nilichosema, kwa kuwa mtungi hupoza maji kwa kuyatoa jasho, nalo jasho halikauki hewa ikiwa tayari imeshiba unyevu. Njia ya malai ina ubora wake: mafuta yamekwisha kukusanywa, kwa hiyo kimiminika cha kupekecha ni kidogo na barafu inayohitajika ni kidogo pia. Ninaongeza tahadhari moja tu kwa wanaotaka kuifuata leo. Malai yanayokusanywa kwa siku nyingi yawekwe kwenye friji tangu siku ya kwanza, mbali na samaki na vitunguu, kwa maana mafuta hunyonya harufu upesi na samli haitaisahau harufu hiyo hata ukiipika vipi.

Mursik_Bamburi:

Nimezaliwa upande wa Nandi na sasa ninaishi Bamburi. Naona mwandishi amekipita kibuyu haraka mno. Kwetu, kibuyu hakitumiki mpaka kisafishwe ndani kwa makaa ya mti wa senetwet. Kijiti kinachowaka huingizwa, makaa yake yakasagwa kwenye kuta za ndani kwa ufito wenye kichwa cha nyuzi, na masalia yakapunguzwa ndipo maziwa yaingie. Wamasai nao hutumia mti wa oloirien, yaani mzeituni wa mwituni. Moshi na makaa huua sehemu ya vijidudu vilivyojificha kwenye vinyweleo vya kibuyu, huyapa maziwa harufu yake, na huyazuia yasichache ovyo. Mimi huagiza vijiti kutoka nyumbani. Anayenunua kibuyu Kongowea, akakisuuza kwa maji tu na kutia maziwa, asishangae akipata siagi chungu.

Mkulima_Mwakirunge:

Ndugu, nakubali kabisa kwamba niliharakisha. Kibuyu kipya kina uchungu wake mwenyewe, na lazima kijazwe maji, kimwagwe, kijazwe tena kwa siku kadhaa, kokwa na nyuzi za ndani zikikwanguliwa, kabla hata ya kufikiria moshi. Baada ya kila kusuka sisi hukisuuza kwa maji ya moto sana pamoja na mchanga safi wa kusugulia, tukakianika mdomo ukitazama chini, kisha tukakifukiza. Kibuyu kilichofunikwa kikiwa na unyevu ndani, kwa joto la huku, huota ukungu usiku mmoja.

Hesabu_Kwanza:

Ninauliza kwa heshima. Lita 10 za maziwa zinatoa siagi kiasi gani, na kwa nini mtu asiyauze maziwa yenyewe akaondokana na barafu, mwembe na kibuyu?

Mkulima_Mwakirunge:

Maziwa yenye mafuta asilimia 4.5, kama ya chotara wetu, yana mafuta kama gramu 460 katika lita 10. Mkisuka vizuri mkapata sehemu nne kati ya tano za mafuta hayo, mtatoka na siagi ya gramu 450 hivi, na mkiipika, samli ya gramu 350 au zaidi kidogo. Maziwa ya Friesian, ambayo mafuta yake mara nyingi ni asilimia 3.5 hadi 3.8, yatatoa pungufu. Maziwa ya zebu hupita asilimia 5, ila lita zenyewe ni chache.

Ukiyatazama hayo peke yake, umeshinda: mwenye mteja wa maziwa mabichi mlangoni kila asubuhi hana sababu ya kusuka. Lakini zingatia mambo mawili. Kwanza, maziwa ya jioni shambani kwetu hayana mteja mpaka kesho, na maziwa mabichi kwa joto hili huchacha usiku huo huo. Kuyasuka si kuyanyang'anya soko, kwa sababu soko lenyewe halikuwapo. Pili, mtindi haumwagwi. Katika lita 10 unabakiwa na zaidi ya lita 9 za mtindi wenye protini karibu yote ya maziwa, na majirani huununua.

Nitaongeza jambo ambalo wafugaji wengi hawalitumii. Mafuta hayakugawanyika sawasawa ndani ya kiwele. Maziwa yanayotoka mwanzo huwa mepesi, pengine yenye mafuta asilimia 1 au 2, na yanayotoka mwisho kabisa huweza kufika asilimia 8 hadi 10. Desturi ya wengi wenye zebu ni kumwachia ndama maziwa ya mwisho, kwa maana nyingine wanamwachia siagi. Sisi humruhusu ndama aanze, jambo ambalo pia humfanya ng'ombe ateremshe maziwa, kisha tukakamua mpaka tone la mwisho, na ndama akapewa kipimo chake kwa ndoo. Ng'ombe ni yule yule, malisho ni yale yale, na siagi huongezeka.

Hesabu_Kwanza:

Hoja ya maziwa ya jioni naikubali. Hoja ya mtindi siikubali mpaka nione mnunuzi, kwani mtaani kwangu watu wanataka maziwa lala yenye malai yake.

Mkulima_Mwakirunge:

Basi usisuke. Sisemi kwamba kila mwenye ng'ombe lazima asuke.

Daktari_Mifugo_Pwani:

Naomba niweke mkazo mahali ambapo mwandishi amepita kwa sentensi moja tu. Kuyapasha maziwa joto nyuzi 63 kwa nusu saa si jambo la hiari. Brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, hupita katika maziwa mabichi, na hupita pia katika siagi iliyotokana na maziwa hayo, kwa kuwa ukali wa mtindi na chumvi kidogo havitoshi kuwaua vijidudu wake. Mtu aliyeambukizwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na mara nyingi hutibiwa malaria kwa muda mrefu bila nafuu. Samli iliyopikwa mpaka maji yote yakatoka haina hatari hiyo, lakini siagi na mtindi vinayo. Asiye na kipimajoto ayachemshe yafure mara moja, ayapoze, kisha atie mtindi wa kugandishia. Atapoteza kidogo katika ladha, lakini nyumba nzima itakuwa salama. Na anayekusudia kuuza akumbuke kwamba biashara ya maziwa na mazao yake nchini inasimamiwa na Bodi ya Maziwa Kenya, na inahitaji kibali.

Abba_Mariakani:

Sisi tunapata maziwa ya ngamia kwa wingi kuliko ya ng'ombe. Nimemsikia mtu akidai kwamba ngamia hana siagi kabisa. Je, ni kweli? Na je, mtungi wa plastiki wa lita 20 unaweza kuchukua nafasi ya kibuyu?

Mkulima_Mwakirunge:

Siagi anayo, ila haitoki kwa urahisi. Vitone vya mafuta katika maziwa ya ngamia ni vidogo kuliko vya ng'ombe, havipandi juu kuwa malai hata maziwa yakilala, na utando wake ni mgumu kupasuka. Mafuta yake pia huyeyuka kwenye joto la juu zaidi, kwa hiyo husukwa yakiwa na joto kuliko ya ng'ombe, zaidi ya nyuzi 20. Ukiyapoza kama nilivyoeleza juu, utasuka mpaka adhuhuri. Maziwa ya mbuzi nayo hayapandishi malai vizuri, na siagi yake hutoka nyeupe pe kwa sababu mbuzi hugeuza rangi ya manjano ya majani kuwa vitamini A kabla haijafika katika maziwa.

Kuhusu mtungi wa plastiki, hufanya kazi ya kusuka, ila kuusafisha ni taabu, kwa kuwa mafuta hung'ang'ania plastiki na mdomo wake hauruhusu mkono kuingia. Ukitaka chombo cha kisasa, fikiria ndoo pana yenye mfuniko na kipekecho cha mbao ndani. Watafiti wa ILCA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo barani Afrika ambacho baadaye kiliungana na kingine kikawa ILRI, waliwahi kuweka kipekecho cha namna hiyo ndani ya mitungi ya udongo ya akina mama wa Ethiopia, na kikapunguza muda wa kusuka na kuongeza siagi iliyopatikana kutoka maziwa yale yale. Mtungi haukubadilishwa. Walichobadilisha ni namna maziwa yanavyovurugwa ndani yake.

Shangazi_Kibokoni:

Na samli, mwanangu, mbona hukusema inavyopikwa? Vijana wanaiunguza.

Mkulima_Mwakirunge:

Kweli, Shangazi. Siagi huwekwa katika sufuria nzito juu ya moto mdogo. Ikiyeyuka hutoa povu, na povu huenguliwa. Kisha huanza kuchemka kwa kelele, na kelele hiyo ni maji yanayotoka. Wakati wote maji yakiwamo, joto halipandi sana kupita nyuzi 100, hivyo hakuna cha kuungua. Hatari huanza kelele inapotulia, kwa sababu maji yamekwisha na joto hupanda kwa kasi. Mashapo yaliyo chini yakigeuka rangi ya dhahabu na harufu ikawa kama ya kitu cha kuoka, epueni sufuria papo hapo, maana haikawii kugeuka nyeusi. Wasomali huongeza iliki na uwatu wakati huu, na wengine hawaongezi chochote. Samli huchujwa kwa melimeli ikiwa bado ya moto, ikatiwa katika chupa iliyokauka kabisa. Tone moja la maji ndani ya chupa hupunguza umri wake wote. Isiyo na maji hukaa miezi kadhaa kabatini bila friji.

Mursik_Bamburi:

Swali la mwisho kutoka kwangu. Siagi ya huku, hata nikiipoza, hulainika upesi kuliko ya kwetu. Je, ni joto la chumba tu?

Mkulima_Mwakirunge:

Sehemu kubwa ni joto la chumba, lakini chakula cha ng'ombe nacho kina mkono wake. Ng'ombe anayepewa mashudu ya alizeti kwa wingi hutoa mafuta laini zaidi, na anayepewa mashudu ya nazi hutoa siagi ngumu, kwa kuwa mafuta ya nazi yenyewe ni ya aina inayoganda. Sisi hutia mashudu ya nazi kidogo katika chakula cha jioni tangu Desemba hadi Machi, kaskazi inapokuwa kali, na majani ya lusina na napia yanaendelea kama kawaida. Jihadhari tu na mashudu ya zamani: yakishachacha mafuta yake, ng'ombe atayakataa, na akiyala, harufu utaikuta ndani ya kibuyu. Nunua kidogo kidogo, uyanuse kwanza, na uyahifadhi juu ya kichanja mahali pakavu.